Mali ya Mzazi Aliye Hai

Yajulikana ya kuwa kumtunza mzazi mzee ni faradhi. Lakini watu hutatizika kujua gharama zitoke kwa nani, khasa wakaao miji ya Ulaya, ambako wazee na wagonjwa huwekwa katika nyumba za matunzo kwa malipo.

Katika England, kwa kiwango kilichowekwa mwaka 2010, mwenye mali izidiyo pauni 23,250 hujilipia gharama zote. Nyumba yake nayo hutiwa hisabuni, ila ikiwa mkewe angali akikaa humo. Aliye chini ya hapo husaidiwa na baraza la mji. Mtoto hatozwi kitu: ile sheria ya mwaka 1601, iliyowalazimu watoto kuwalisha wazazi wao maskini, ilifutwa mwaka 1948.

Basi hutokea mtoto akamwambia babake, "Niandikie nyumba hii, isije ikaliwa na gharama." Huyu adhani aokoa urithi. Lakini urithi u wapi, na mwenyewe angali hai? Katika sheria ya Kiislamu mrithi hana haki ila baada ya mauti. Kabla ya hapo, wa kwanza kustahiki kutunzwa kwa mali ile ni yule aliyeichuma.

Na nyumba ikitolewa ili mzigo uangukie hazina ya watu wote, hiyo ni hila. Hata sheria ya nchi ile ya mwaka 2014 yaliruhusu baraza kuihesabu kana kwamba haikutolewa. Adhulumiwaye ni mjane asiye na kitu.

Huenda akasema, "Babangu alilipa kodi miaka arubaini." Jawabu ni kuwa aliyechanga kuchimba kisima cha msikiti hapati kwa mchango wake haki ya kumtangulia mwenye kiu, hali birika lake nyumbani limejaa.

Mali ya mzazi ikiisha, madhehebu ya Shafi yamlazimisha mtoto, mume au mke, aliye na ziada juu ya chakula chake na cha wamtegemeao, ampe nafaka. Hapa wengi waliokuwa hodari wa kuulizia nyumba huwa wazito wa kufungua mfuko.

Tena asidhani mlipaji kuwa amekwisha deni. Aya ya 23 ya Sura ya Israa imetaja uzee wa wazazi, ikaamrisha wema na maneno ya heshima. Wala haikutaja dirhamu. Muuguzi huajiriwa, mwana haajiriwi.

Wallahu aalam.