Mtalii, Mgonjwa na Kifo Kilichokatazwa Epidauros

Mtalii afikapo Epidauros, kusini mwa Ugiriki, aghalabu huvutwa kwanza na thieta. Ni kazi ya karne ya 4 K.K., ambayo Pausanias aliinasibisha na Polykleitos. Safu 55 za viti vya mawe zimepanda ubavuni mwa mlima. Sarafu huangushwa katikati ya duara la chini, nao walioketi juu hutega masikio. (Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2017 vilitilia shaka kwamba husikika hadi safu ya mwisho.) Magofu ya hekalu la Asklepios, mungu wa uponyaji, na ya abatoni, ukumbi ambamo wagonjwa walilala wakitarajia kujiwa na mungu ndotoni, hupitwa upesi.

Je, mtalii huyo amekosa? Ni rahisi kumshutumu kuwa amegeuza mahali pa maumivu kuwa pa starehe. Shutuma hiyo haina mashiko. Sherehe za Asklepios zenyewe zilikuwa na mashindano ya riadha na muziki, na si kila aliyezihudhuria alikuwa mgonjwa. Isitoshe, patakatifu hapo palikuwa na namna yake ya kuyaficha maumivu. Pausanias, aliyeandika katika karne ya 2 B.K., aeleza kwamba ilikuwa mwiko mtu kufa au mwanamke kujifungua ndani ya mipaka yake, hadi seneta wa Kirumi, Antoninus, alipowajengea watu hao nyumba. Ajabu iliyoje: makao ya mungu wa tiba, na anayekata roho hana pa kulala! Mawe yaliyochongwa habari za waliopona yalisimamishwa wazi ili wageni wayasome.

Hapo ndipo thieta, ambayo nayo imo patakatifuni, inapopata uzito wake. Katika tanzia ya Kiyunani kifo kwa kawaida hakikutendeka mbele ya hadhira. Mjumbe aliingia kukisimulia. Kilichopigwa marufuku katika eneo hilo kiliweza kurejea kwa sauti, kikasikilizwa na wagonjwa na wazima pamoja. Aristotle naye, alipoitaja katharsisi ya tanzia, alitumia neno lililokuwa pia la matabibu, kwa maana ya kuusafisha mwili. Jacob Bernays aliishikilia fasiri hiyo ya kitabibu mwaka 1857, na wahakiki wangali wakibishana juu yake.

Kwa hiyo kasoro ya mtalii, ikiwa ipo, si kustarehe, bali ni kuipima sauti pasi na kuuliza ilibeba nini. Tangu miaka ya 1950 tanzia za kale huigizwa humo nyakati za kiangazi. Mgeni wa usiku huo huketi juu ya mawe yale yale, akamsubiri mjumbe aje kusema ni nani aliyekufa.