Waliotangulia Kunywa

Masomo: Ezekieli 34:17-22, Mwanzo 41:46-49, 2 Samweli 23:13-17



Mlango wa 34 wa kitabu cha nabii Ezekieli unapendwa sana na Wakristo wetu, na sababu yake naijua. Ni mlango unaowapiga wachungaji. Nabii anawakaripia wale waliojinenepesha kwa kundi, wasiwajali wagonjwa wala kuwafuata waliopotea. Ukisomwa kanisani, watu humtazama padre, humtazama na mwenyekiti wa kijiji kama yumo, na kila mtu hukaa kwa raha akijua kwamba leo si zamu yake.

Lakini wengi hufunga kitabu kabla ya fungu la 17. Hapo nabii anawageukia kondoo wenyewe. Mungu atahukumu kati ya kondoo na kondoo, na moja ya mashtaka yanayotajwa ni shtaka la maji. Wako kondoo waliofika mtoni mapema, wakanywa maji safi, wakatosheka. Kisha badala ya kuondoka wakayavuruga kwa miguu, na wenzao waliokuja nyuma wakanywa tope.

Liangalieni vizuri shtaka lenyewe. Kondoo hawa hawalaumiwi kwa kunywa. Kiu si dhambi, na kufika mapema si dhambi. Kosa lao ni kwamba walipokwisha kutosheka walisahau kuwa kuna mwingine anakuja nyuma.

Nataka tulisome fungu hili tukiwa hapa hapa kwetu, Nachingwea na Ruangwa, katika miezi hii ya kiangazi, wakati mito mingi imebaki mchanga mtupu na akina mama wanaamka saa tisa za usiku kwenda kupanga ndoo kisimani. Huyu anayekuja nyuma ni nani kwetu? Ni mama aliyechelewa kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Ni kijiji kilicho chini ya mto. Na ni mtoto ambaye hajazaliwa, atakayekuja kuchimba pale pale tulipochimba sisi.

Mtu akichimba kisima na kukuta maji, hudhani amefikia ziwa lililofichwa ambalo halina mwisho. Sivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya nchi yetu imekalia miamba migumu ya kale, ndugu wa ile inayochomoza juu kule Masasi kama vilima vya mawe. Mwamba huo haunyonyi maji. Maji hukaa katika nyufa zake, na katika changarawe iliyolala juu yake. Chukua mtungi uujaze kokoto, kisha utie maji: ukiutazama kwa nje ni mtungi mkubwa, lakini maji yaliyomo ni yale tu yaliyojipenyeza kati ya kokoto. Ndiyo hali ya visima vyetu vingi. Na mtungi huo hujazwa na msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Visima viwili vilivyo jirani huweza kunywa katika ufa mmoja. Anayevuta kwa mashine mchana kutwa upande huu humfanya mwenzake upande wa pili avute hewa.

Kwenye nyanda za juu, za Makonde na Rondo, mambo ni mengine kidogo. Huko udongo wa juu ni wa mchanga, mvua huzama, husafiri chini kwa chini, kisha hutokea kwenye mteremko kama chemchemi, mfano wa zile za Ndanda. Ndiyo sababu watu wa Newala kwa miaka mingi waliishi juu ya maji wakiwa na kiu, wakashuka mabondeni kuyafuata na kuyapandisha kichwani. Na sisi wenye mabomba tusijidhanie tu watu wa namna nyingine. Miji ya Masasi na Nachingwea hunyweshwa na chemchemi za Mbwinji. Kila bomba lina mwanzo wake, na huko kwenye mwanzo kuna miti ya mahali fulani, iliyosimama au iliyokatwa.

Sasa nasema habari za Yusufu. Sisi hukumbuka zaidi ile miaka saba ya njaa, lakini hekima ya Yusufu ilionekana katika miaka saba ya shibe. Alijua kwamba shibe haiji kila mwaka, akajenga ghala wakati watu wengine wakila na kusaza. Jambo hili hili limeonekana katika maji, tena hapa hapa nchini. Huko Makutupora, karibu na Dodoma, ambako mji huo hupata maji ya visima virefu, watu wamekuwa wakipima kina cha maji ya chini na kukiandika tangu miaka ya 1950. Daftari hilo linaonyesha kwamba katika miaka mingi maji hushuka kidogo kidogo. Hupanda sawasawa katika misimu michache tu ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Maana yake ghala hujazwa kwa miaka michache, kisha huliwa kwa miaka mingi. Dodoma ni nchi kavu kuliko yetu, nami sisemi kwamba vipimo vya kule ndivyo vya huku. Lakini Yusufu angelielewa daftari lile bila kuhitaji mwalimu.

Basi na sisi tujiulize, mwaka wetu wa shibe tuliufanyia nini? Mvua za El Niño zilikuja mwishoni mwa mwaka 2023 na kuendelea mwaka 2024. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaipiga pwani ya kusini, na maji yakawa mengi hata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa. Watu wa kusini walikwama njiani, bei ya bidhaa ikapanda. Na yale maji yote yalikwenda wapi? Yalikwenda baharini, nayo yalikuwa mekundu, maana yalichukua na udongo. Ardhi iliyochomwa moto kila mwaka na kuachwa tupu hupigwa na matone ya mvua hata ikafunga kama sakafu ya nyumba. Mvua ikinyesha juu ya sakafu haizami. Hivyo Mungu alituletea ghala zima la nafaka, nasi tukalipokea mlango ukiwa umefungwa.

Najua nagusa mahali penye uchungu. Ufuta umetuvusha. Umejenga nyumba za bati, umelipa karo, na sadaka ya mtaa huu nayo hutoka humo humo, siwezi kujifanya siijui. Lakini shamba jipya la ufuta likifyekwa hata ukingoni mwa kijito, kisha likatiwa moto, huo ndio mguu wa kondoo wa Ezekieli ndani ya maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mita 60 ni kama hatua themanini za mtu mzima. Zihesabuni siku moja mkiwa mtoni, muone mnakutana na nini kabla hamjafika hatua ya kumi. Na chemchemi ya kijiji nayo inastahili heshima ya kipimo hicho hicho, hata kama hakuna bwana wa serikali aliyekuja na kamba.

Hapa niseme neno moja la zamani. Katika vijiji vyetu vingi palikuwa na chemchemi yenye miti mikubwa ambayo haikukatwa. Wazee walisema pana mzimu. Atakayekata mti atapatwa na balaa. Injili ilipofika kwetu tuliwafundisha watu wasiuogope mzimu, na mafundisho hayo ni ya kweli, wala sirudi nyuma. Lakini angalieni kilichotokea. Mtu amepoteza hofu ya mzimu, wala hofu ya Mungu aliyeuumba mti haijaingia mahali pake. Basi mkononi amebaki na shoka, na moyoni hamna kitu. Mpagani aliyeilinda chemchemi kwa hofu ataturudi siku ya hukumu sisi tuliobatizwa kwa maji tukaikausha kwa uhuru wetu.

Wako pia wasemao, «Maji ni ya Mungu, kwa nini tulipe?» Ni kweli maji ni ya Mungu. Pampu, je? Wazee wanaukumbuka mradi wa Wafini ulioanza katika mikoa ya Mtwara na Lindi mwaka 1978 na kuendelea hata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Visima vingi vya pampu za mkono vilichimbwa, na kwa mara ya kwanza wanawake wa vijiji vingi walipumzika. Kisha wafadhili wakaenda kwao, na pampu nyingi zikanyamaza moja moja, kwa kukosa kipuri kidogo au mtu wa kukinunua. Katika Mwanzo 26 Isaka alikuta visima vya baba yake vimefukiwa na Wafilisti. Vyetu havikufukiwa na Wafilisti. Leo maji ya vijijini yako chini ya RUWASA na vyombo vya watumia maji, na kwa jirani zetu na kwetu kuna kazi kubwa ya kuyaleta maji kutoka Nyangao mpaka vijiji vya Ruangwa na Nachingwea. Bomba jipya likifika kwa watu wasiotaka kutoa senti ya kulitunza, litafuata njia ile ile ya pampu za zamani. Na mweka hazina wa kamati ya maji aliyetafuna fedha ya ndoo, huyo asije akadhani nimemsahau. Kwake yeye rudini mkasome mwanzo wa mlango ule, habari za wachungaji.

Na wewe uliyejaliwa kisima kirefu uani kwako, una mashine na tangi, umshukuru Mungu. Lakini maji unayoyavuta hayakuanzia uani kwako. Mvua ile ilinyesha kwenye kilima cha watu wengine. Sheria ya mwaka 2009 imesema maji yote, ya juu ya nchi na ya chini, ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini tu. Na mwenye kuchimba kisima kirefu hana budi kwenda kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Wengine huiona ni usumbufu wa makaratasi. Mimi naiona ni tafsiri ya serikali ya fungu la Ezekieli, nzuri tu.

Bado nyumbani kwetu. Mfalme Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa wake watatu wakapenya katika kambi ya adui wakamletea. Alipoyapokea hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona ndani ya maji yale damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Nawauliza akina baba: ndoo iliyoko bafuni, mke wako ameipata saa ngapi? Binti yako alipitia njia gani, gizani, na darasani alifika saa ngapi siku hiyo? Mwanamume anayeoga kwa ndoo mbili na kumwaga ya tatu kuoshea pikipiki, naye hajawahi kushika kamba ya kisima, hajui anachokimwaga. Maji ya kuoshea vyombo yanaweza kunywesha mche wa mpapai. Bomba linalovuja mpira wake ni bei ya soda. Mambo haya hayahitaji mhubiri.

Lakini liko moja linalohitaji mkutano. Paa la kanisa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 ni mita za mraba 160. Kwetu mwaka wa kawaida hupata mvua ya milimita 800 hivi, wakati mwingine zaidi. Zidisheni: ni lita 128,000. Toeni sehemu ya tano itakayorukia nje na kupotea, mnabaki na lita zaidi ya 100,000, yaani ndoo 5,000 za lita ishirini, kutoka kwenye paa moja. Siku hizi maji hayo huanguka chini na kuchimba msingi wa kanisa lenyewe. Tukiyakinga, kisima cha kijiji kitapumzika kwa ndoo 5,000, na kinachozidi tangi kitaelekezwa katika shimo la mawe ili kizame chini kwa ajili ya wale wanaokuja nyuma.

Naomba wazee wa kanisa na Umoja wa Mama walete jambo hili mbele ya halmashauri ya mtaa mapema. Kinachotakiwa kwanza ni mifereji ya bati pande mbili za paa. Tangi linaweza kuanza dogo. Fundi anataka siku chache, na mvua za kwanza hazitatusubiri tumalize kujadiliana.