Mnagombea Ukoko Wali Haujaiva

Wanangu, jambo hili nimelitazama tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na siku hizi linanichekesha kuliko kuniudhi. Watu watano wakianzisha ushirika wa korosho, gunia la kwanza halijafika kwenye mizani wameshagombana vyeo, na kabla ya msimu kwisha kila mmoja ana mhuri wake. Wali uko motoni, wenyewe wanang'ang'ania ukoko. Siwalaumu sana, tamaa tumeumbwa nayo. Ila ketini kidogo niwakumbushe jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, maana wao bei ya ugomvi wa namna hii waliilipa kwa damu.

Vita vya Msumbiji vya kumng'oa Mreno mnavijua kwa tarehe. Tarehe 16 Juni 1960, pale Mueda, wanakijiji walikwenda kuzungumza na wakuu wa Kireno wakajibiwa kwa risasi. Tarehe 25 Juni 1962 vyama vya ukombozi vya MANU, UDENAMO na UNAMI vikaungana Dar es Salaam, kikazaliwa chama cha FRELIMO chini ya Eduardo Mondlane. Tarehe 25 Septemba 1964 bunduki zikalia Chai, mkoani Cabo Delgado. Hayo yote ni kweli. Lakini mkiniuliza mimi vita vile vilikaribia kuharibikia wapi, nitawapeleka dukani.

Wareno walipoondolewa katika vijiji vya kaskazini, wakulima walibaki na karanga, ufuta na korosho zao, hakuna mnunuzi, hakuna chumvi, hakuna nguo wala jembe. Ikabidi mazao yaletwe Tanzania na bidhaa zirudi kwao. Aliyesimamia biashara hiyo Cabo Delgado alikuwa Lázaro Nkavandame, mtu mwenye jina, aliyewahi kuongoza ushirika wa wakulima tangu zama za Wareno. Wenzake wa FRELIMO wakamlaumu kwamba ananunua kwa bei ya kutupa na kuuza kwa bei ya kuruka. Hebu mfikirie mama aliyebeba karanga kichwani siku nzima, masikio yako juu kusikiliza ndege za Wareno, anafika anaambiwa mzigo wote ule haufikii bei ya kitambaa cha kujifunga kiunoni. Atauliza, na ana haki ya kuuliza: tunamfukuza mnyonyaji, au tunambadilisha rangi tu?

Swali hilo likaachwa lichachuke. Likachachuka. Mei 1968 ofisi ya chama Dar es Salaam ilivamiwa na mtu akauawa. Julai mwaka huo Mkutano Mkuu wa pili wa chama ukafanyika mkoani Niassa, ndani ya ardhi yao wenyewe, Mondlane akachaguliwa tena, lakini kinyongo hakikupigiwa kura. Tarehe 3 Februari 1969, Dar es Salaam, Mondlane alifungua kifurushi cha kitabu, nacho kikamlipukia. Mwaka huohuo Nkavandame akavuka upande wa Wareno. Uongozi wakaachiwa watatu, Uria Simango, Samora Machel na Marcelino dos Santos. Mwaka haujaisha, Simango ametoa waraka wa kuwashutumu wenziwe, naye akatolewa.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Julai 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alishuka kaskazini na maelfu ya askari, akidhani anamalizia nyumba iliyokwisha kuanguka. Alichelewa. Machel alikuwa ameshashika usukani. Wapiganaji wakamkwepa, wakasukuma vita upande wa mkoa wa Tete hadi wakavuka mto Zambezi. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa Ureno, waliochoshwa na vita vya Afrika, wakaiangusha serikali yao huko Lisbon. Septemba 7 mkataba wa uhuru ukatiwa saini Lusaka. Tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu kuungana, Msumbiji ikawa huru.

Wengi husimulia hadi hapo, wakapiga makofi. Mimi huendelea kidogo. Simango na Nkavandame walikamatwa wakati wa ushindi, na baadaye wakauawa bila kufikishwa mahakamani. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1977 hadi 1992. Walioviwasha walikuwa wa nje, Rhodesia kwanza, Afrika Kusini baadaye. Lakini hawakukosa wenyeji wenye vinyongo wa kuwatuma.

Basi wanangu, iwe chama, ushirika au kamati ya harusi, daftari la hesabu liwekwe mezani kila mtu alione. Neno likianza kunuka lisemwe lingali bichi. Atakayekula cha wenzake mwambieni akirudishe, tena mbele ya watu, kisha mwachieni mahali pa kukaa, kwa sababu kesho wa kuteleza anaweza kuwa wewe. Kumshinda Mreno kulichukua miaka kumi. Kupatana wenyewe kwa wenyewe kulichukua zaidi.