Ukikata Waya, Gari Linasema Mlango Umefungwa

Kwenye nguzo ya mlango wa gari kuna swichi ndogo, saizi ya ncha ya kidole. Mlango ukifungwa unaibonyeza ndani, umeme unakatika. Ukifunguliwa, springi inaisukuma nje, na taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi. Ni hivyo tu. Lakini mimi naona imebeba swali zito: onyo ni mali ya nani?

Vumbi la barabara za huku Namboboto likiingia kwenye swichi, inaweza kukwama. Ikikwama nje, taa inawaka usiku kucha na asubuhi gari linasukumwa, betri imekufa. Dawa ya haraka madereva wanaijua: "Fundi, kata tu hiyo waya." Inakatwa, taa inatulia, kazi inaendelea.

Sasa skiza. Swichi ya aina hii haina njia ya kusema "sijui." Waya iliyokatwa na mlango uliofungwa ni kitu kimoja kwake: hakuna umeme, hakuna taa. Kwa hivyo hujanyamazisha onyo. Umelifundisha gari kusema kila siku kwamba mlango umefungwa, hata ukiwa wazi.

Utaniambia gari ni lako. Sawa, kama unasafiri peke yako sibishani. Lakini Probox inayopeleka watu Funyula siku ya soko ina mama nyuma, mtoto mapajani, ameegemea mlango huo huo. Nimekaa hapo mara nyingi, dashibodi huioni. Unapanda ukiamini kuna mtu anakuangalilia. Dereva ameokoa pesa ya swichi, na hatari amempa mama bila kumuuliza.

Najua dereva naye ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni. Ukosefu wa pesa unaeleza kwa nini waya imekatwa. Hauelezi kwa nini abiria hajaambiwa. Kama swichi mpya haiwezekani leo, shuka, zunguka, vuta kila mlango kwa mkono kabla ya kuondoka. Hiyo ni bure.

Kazi yenyewe si kubwa: toa waya wa betri, fungua skrubu, vuta swichi taratibu, shika waya isirudi ndani ya nguzo, chomeka mpya, funga.

Na wewe abiria, ukishaketi, uliza: "Buda, taa ya huu mlango inafanya?" Atakasirika kidogo. Uliza tu.