Je, Ni Kazi ya Mungu?

Mzee akifa hospitalini, neno la kwanza tuambianalo matangani ni hili: kazi ya Mungu haina makosa. Neno hili ni la imani, wala sisi hatulikatai. Lakini kabla ya kulitamka, Mkristo hana budi kujiuliza: je, kila jambo lililompata mzee yule kitandani lilikuwa kazi ya Mungu, au mengine yalikuwa kazi ya wanadamu walioghafilika?

Sisi wa Kiranjeranje twaijua safari ya mgonjwa. Akizidiwa hupakiwa garini kwenda kaskazini, hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Au kusini mpaka Lindi, katika hospitali ya mkoa ya Sokoine. Na wengine hufika hospitali ya Kanisa huko Nyangao. Serikali yetu humhesabu mtu wa miaka 60 kuwa mzee, kama ilivyoandikwa katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na wazee wasio na uwezo wameahidiwa matibabu bila malipo. Ahadi hiyo ni njema. Lakini kumfungulia mtu mlango ni jambo moja, na kumlinda akiisha kuingia ni jambo la pili.

Maana yako madhara ambayo mgonjwa hakuja nayo, bali huyakuta huko huko. Mzee aamka usiku kwenda msalani, mahali pageni, gizani, akaanguka na kuvunjika nyonga. Mwingine alala ubavu mmoja siku nyingi bila kugeuzwa, ngozi yake ikaoza, akapata vidonda vya kulala. Wa tatu apewa dawa nyingi pamoja. Na figo za mzee hazina nguvu ya kuondoa dawa mwilini kama za kijana, basi kipimo kimfaacho mwanawe chaweza kumdhuru yeye. Wa nne aanza kuweweseka ghafula, asijue yuko wapi. Watu husema ni uzee, na wengine husema ni mashetani. Kumbe huenda ni homa, au upungufu wa maji mwilini, au dawa aliyopewa jana.

Wala mambo haya si ya kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila wagonjwa 10 ulimwenguni, yapata 1 hudhurika katika kutibiwa kwake, na zaidi ya nusu ya madhara hayo yangaliweza kuzuiliwa. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2019, tarehe 17 Septemba imewekwa iwe siku ya kukumbuka usalama wa wagonjwa.

Basi turudi kwenye swali letu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Musa alimwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na hatia ya damu ikaikalia nyumba ile. Tazameni hekima yake. Musa hakusema kwamba aangukaye ameanguka kwa amri ya Mungu, basi nyamazeni. Alimwuliza mwenye nyumba: ukingo wako uko wapi? Ajali iwezayo kuzuiliwa, kisha isizuiliwe, ina mwenyewe. Tukimtwika Mungu mzigo huo, hatumtukuzi, bali twamsingizia.

Huenda mtu akasema: kama ndivyo, na atafutwe mwuguzi aliyekosa, afukuzwe. Hapo nasi tujihadhari. Mwenye kudharau wagonjwa au kulewa kazini, huyo astahili adhabu. Lakini wengi wakosao ni watu wema waliochoka, mmoja akihudumia vitanda vingi usiku kucha. Kama kila anayeungama kosa hufukuzwa, wenzake watajifunza kuficha. Na wahenga walisema, mficha maradhi kilio humwumbua. Kosa lililofichwa leo litamwua mwingine kesho katika wodi ile ile. Kosa lililosemwa laweza kuwekewa ukingo. Kwa hiyo yatupasa kudai kweli kwanza, wala tusiidai kwa fimbo mkononi. Nao wenye hospitali wana deni la kuwaambia ndugu wa mgonjwa jinsi mambo yalivyokuwa, na kuomba radhi.

Tena, wasomaji wapenzi, tusidhani ukingo huu ni wa waganga na wauguzi tu. Katika hospitali zetu ndugu ndiye aletaye uji, ndiye amwoshaye mgonjwa, na mara nyingi ndiye akeshaye karibu naye. Basi na amgeuze kila baada ya saa 2 hivi, akiisha kumwuliza mwuguzi namna ya kumshika. Na amsindikize msalani kwa taa. Na amnyweshe maji, ikiwa mganga hakukataza. Na aseme wazi ni dawa gani mzee alizokuwa akizitumia nyumbani, hata za miti shamba, maana kuzificha kwa haya ni kumtega mganga na mgonjwa pamoja.

Hasa awe kinywa cha mzee. Wazee wetu wamelelewa kwa adabu. Mwuguzi akimwuliza, "Bibi, hujambo?" atajibu, "Sijambo, mjukuu wangu, namshukuru Mungu," na huku mgongo wamwuma kwa kidonda. Tusiiache adabu yake imwue. Na tuseme kwa upole, "Dada, tafadhali tazama mgongo wake."

Mungu ameweka mwisho wa siku za kila mtu, nasi twaukubali. Lakini njia ya kuufikia mwisho huo, kwa sehemu kubwa, imewekwa mikononi mwetu. Atakayekuwa amejenga ukingo wake, huyo na aseme matangani kwa dhamiri safi kwamba ni kazi ya Mungu.