Jikune ujipatapo, lakini nani kaupima mkono?

Muulize mtoto wa Handeni au Korogwe anataka kuwa nani. Utasikia daktari, rubani, mwanajeshi, mwalimu. Mtoto wa Masaki atakujibu hivyo hivyo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema eti watoto wa vijijini wanafeli kwa kukosa ndoto. Ndoto wanazo. Wanachokosa ni ruhusa ya kukosea.

Chukua udaktari. Kidato cha nne sharti ufaulu Fizikia, Kemia na Biolojia ndipo uingie PCB. Tangu 2016 ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa, jambo kubwa, tusilibeze. Ila kufuta ada hakuleti mwalimu wa Fizikia, wala hakufupishi njia ya kwenda shule. Sasa mtihani umekwama. Mtoto wa mwenye nacho akipata ziro analipiwa tuisheni, anarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwaka unapita watu wamesahau. Mtoto wa mkulima wa mahindi kule Mkata akipata ziro ileile, kesho yake ni jembe, au pikipiki ya mkataba. Binti atatafutiwa kazi za ndani Dar. Ziro moja, hukumu mbili.

Korogwe inalijua hili zamani. Mashamba ya mkonge yaliita vibarua kutoka mbali, hadi Kigoma na Njombe, wakaitwa manamba kwa kuwa waliandikwa kwa namba. (Watahiniwa nao wana namba, lakini tuyaache.)

Mtu ataniuliza: wote wakiwa madaktari, nani atalima? Swali la haki. Nyerere alilishika mwaka 1967 katika Elimu kwa Kujitegemea: shule imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini, maana wengi wataishi huko. Sawa kabisa. Lakini shule ngapi zimefanya kulima kuwa adhabu ya mchelewaji? Mtoto aliyechapwa kwa jembe miaka minne ataliitaje jembe kazi?

Mzazi mwenye watoto wanne na magunia sita ya mahindi, anayelazimika kuamua nani arudie mtihani, mimi simhukumu. Ninayemhukumu ni mgeni rasmi ambaye mwanawe yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza, halafu anasimama kwenye mahafali Handeni kuwaambia watoto wa wenzake: jikuneni mnapojipata.