Mdhamini wa Kulipwa

Oktoba 2025 mahakama ya wilaya ya Helsinki iliifuta kesi iliyokuwa imefuatiliwa kwa karibu Ulaya nzima ya kaskazini. Siku ya Krismasi ya mwaka 2024, meli ya mafuta iitwayo Eagle S iliburuta nanga yake chini ya Ghuba ya Finland, kilomita zipatazo 90 kwa maelezo ya waendesha mashtaka. Kebo ya umeme ya Estlink 2, inayoiunganisha Finland na Estonia, ikakatika pamoja na kebo kadhaa za mawasiliano. Polisi waliteremka melini kwa helikopta. Nahodha na maofisa wake wawili wakashtakiwa. Mahakama ikasema haina mamlaka: uharibifu ulitokea nje ya maji ya Finland, na kwa sheria ya bahari wa kuwahukumu watu wale ni nchi yenye bendera ya meli, au nchi ambazo mabaharia wenyewe ni raia wake.

Bendera ilikuwa ya Visiwa vya Cook. Hivyo ni visiwa 15 katikati ya Pasifiki, vyenye watu wapatao 15,000, upande wa pili wa dunia. Hakuna aliyedai kwamba mtu yeyote wa Avarua, mji mkuu wake, aliigusa nanga ile. Mwenye meli alilipa ada ya usajili, akapewa cheti, akapandisha bendera, na tangu siku hiyo meli ikawa chini ya sheria za visiwa hivyo popote iendapo.

Je, mtu anaweza kuliazimisha jina lake kwa malipo, kisha akasema lililotendwa kwa jina hilo halimhusu?

Swali hili ni la zamani kuliko meli za chuma. Mafakihi wa Kiislamu walilichambua katika mlango wa dhamana. Mtu anasimama mbele ya mkopeshaji na kusema: huyu asipolipa, nidai mimi. Wengi wa mafakihi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani ya Afrika Mashariki, walimkataza mdhamini kuchukua ujira kwa kusema hivyo. Hoja yao ni kwamba mdhamini akilipa deni la mwenzake, kisha akarudishiwa fedha zake pamoja na ule ujira, atakuwa amekopesha na kuchukua ziada, nayo ni riba. Ndani ya hoja hiyo mna jambo jingine ambalo kila mtu aliyewahi kuweka sahihi kwenye mkopo wa ndugu yake analijua. Anayedhamini bure humchunguza kwanza anayemdhamini, kwa sababu hana cha kupata ila hatari. Akilipwa, macho yake huhamia kwenye malipo. Wakristo nao, ambao ndio wengi wa wakazi wa visiwa vya Pasifiki, wanasoma katika Mithali onyo baada ya onyo kwa mtu anayejifunga kwa ajili ya mgeni.

Bendera ya meli ni dhamana ya namna hiyo hiyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, wa mwaka 1982, unataka pawepo uhusiano wa kweli kati ya meli na nchi ambayo bendera yake inapeperushwa. Unaitaka pia nchi hiyo isimamie kwa vitendo usalama wa chombo na hali za mabaharia wake. Mwaka 1986 ulitungwa mkataba mwingine wa kueleza uhusiano huo hasa ni upi. Haujaanza kutumika hadi leo, kwa kuwa nchi zilizouridhia hazikutosha. Kwa hiyo kila nchi imejipimia yenyewe.

Hakuna mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi kuliko Visiwa vya Marshall. Mabaharia wa kale wa huko walitengeneza ramani kwa vijiti vya makuti: makombe madogo yalionyesha visiwa, na vijiti vilivyopindwa vilionyesha jinsi mawimbi makuu yanavyojikunja yakikutana na nchi kavu. Nahodha aliisoma ramani yake ufukweni, akaihifadhi kichwani, akaiacha nyumbani, akaenda kuyasikiliza mawimbi kwa mwili wake chini ya ngalawa. Leo sajili ya meli ya nchi hiyo, yenye watu kama 42,000, ni mojawapo ya tatu kubwa kabisa duniani, pamoja na za Liberia na Panama. Inaendeshwa na kampuni binafsi yenye makao makuu Reston, Virginia, nchini Marekani. Meli nyingi zilizoandikwa MAJURO nyuma yake hazijawahi kufika Majuro, mji mkuu wa visiwa hivyo.

Mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulikuwa na bendera hiyo. Ulipolipuka katika Ghuba ya Mexico tarehe 20 Aprili 2010, watu 11 walikufa, na mafuta yalitoka chini ya bahari kwa siku 87. Walinzi wa pwani wa Marekani walipochunguza, walilalamika kwamba nchi yenye bendera iliyaachia makampuni binafsi kazi ya ukaguzi bila kuyafuatilia vya kutosha. Majuro ilitoa ripoti yake Agosti 2011. Mabilioni ya fidia yalidaiwa kwa makampuni ya mafuta, na hilo lilikuwa haki. Lakini mdhamini aliondoka pale akiwa ameandika ripoti tu, na hilo linapaswa kumsumbua yeyote anayechukulia ahadi kwa uzito. Linasumbua zaidi kwa sababu bendera hii si ya ovyo: mamlaka za bandari za Ulaya na Marekani zimeiweka kwa miaka mingi miongoni mwa zile zenye rekodi nzuri. Ikiwa mdhamini mzuri anaishia kwenye ripoti, mbaya ataishia wapi?

Hata hivyo anayetaka kuwanyoshea kidole watu wa Majuro aanze na yale waliyofanyiwa. Kati ya 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia katika atoli za Bikini na Enewetak. Tony deBrum, aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje, alikuwa na umri wa miaka tisa asubuhi ya Machi 1, 1954. Alikuwa kisiwani Likiep akivua samaki na babu yake kwa wavu wa kutupa, na bomu la Bravo likaigeuza mbingu yote kuwa nyekundu. Watu wa atoli ya Rongelap walinyeshewa majivu yake. Nchi ya namna hii, yenye ardhi kidogo iliyoinuka kama mita mbili tu juu ya bahari, haikuwa na vitu vingi vya kuuza ilipoanza kujitawala. Jina ilikuwa nalo.

DeBrum ndiye aliyeonyesha jina hilo linaweza kufanya nini. Kwa miaka mingi kiti cha nchi yake katika Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, kule London, kilizoea kukaliwa na watu wa kampuni ya usajili. Mei 2015 alikwenda mwenyewe akakaa. Aliomba meli za dunia, ambazo hutoa karibu asilimia 3 ya gesi zinazoongeza joto, ziwekewe kikomo. Mkutano uliliahirisha jambo lake. DeBrum alifariki Agosti 2017, na mwaka uliofuata IMO ikapitisha lengo lake la kwanza la kupunguza gesi za meli. Mwaka 2021 Majuro na Visiwa vya Solomon zilipendekeza meli zitozwe dola 100 kwa kila tani ya gesi zinazotoa.

Wapo waliouona unafiki hapo: nchi inachuma kutoka kwenye moshi huku ikiulalamikia. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mdhamini anayemwendea mdaiwa wake na kumwambia apunguze deni anafanya kazi yake hasa. Unafiki ungekuwa kunyamaza, na kuiacha kampuni iseme kwa niaba ya watoto ambao maji ya bahari yanaingia mlangoni kwao.

Watanzania nao wanalifahamu kwa karibu jaribu hili la kuuza jina. Mwaka 2012 ilibainika kwamba makumi ya meli za mafuta za Iran, iliyokuwa chini ya vikwazo, yalikuwa yakipeperusha bendera ya Tanzania kupitia sajili ya kimataifa ya Zanzibar iliyoendeshwa na wakala aliyeko Dubai. Serikali ilizifuta. Tuvalu, jirani wa Marshall kule Pasifiki, ilizifuta za kwake mwaka huo huo. Nchi hizo mbili, zilizotenganishwa na nusu ya dunia, zilijikuta zimewadhamini watu wale wale, na zote mbili zilihitaji kukumbushwa na Washington. Januari 2018, baada ya meli zenye bendera ya Tanzania kukamatwa na dawa za kulevya na malighafi za vilipuzi, Rais Magufuli aliamuru usajili wa meli za nje usimame kwanza.

Utetezi unaorudiwa kila mara ni kwamba wajibu umegawanyika. Mwenye meli yuko Athens, aliyeikodi yuko Geneva, nahodha ametoka Georgia, shehena ni ya mtu wa nne. Mafakihi wengi walikwisha kulijibu hilo: mwenye haki anaweza kumdai mdaiwa au mdhamini, na yeyote atakayemchagua anadaiwa deni lote. Idadi ya walioshiriki haimpunguzii mtu.

Oktoba 2025, wiki mbili baada ya hukumu ya Helsinki, nchi wanachama wa IMO zilipiga kura kuahirisha kwa mwaka mmoja mpango wa kuzitoza meli kwa gesi zake, 57 kwa 49, huku Marekani ikitishia kuziadhibu nchi zitakazouunga mkono. Majuro haihitaji kura hiyo ili kuanza na sajili yake yenyewe. Inaweza kupeleka wakaguzi wake badala ya kuwategemea wa kukodi, kutenga sehemu ya ada kwa ajili ya ajali za baharini, na kuikatalia cheti meli isiyotaka kueleza mwenye nayo ni nani. Wenye meli baadhi watahamia bendera nyingine ndani ya siku chache, na mapato yatapungua katika nchi ambayo haina mengi. Hapo watu wa Marshall watakuwa wamelipa kile ambacho mdhamini hulipa, na swali litakuwa limehamia kwa nchi itakayozipokea meli hizo.